SUV ya kifahari uliyoinunua ikiwa imetumika: dalili, sababu na pa kuanzia

Gari la namna hii hushuka bei haraka, ila vipuri vyake havishuki nalo. Range Rover, Porsche Cayenne, BMW X5, Audi Q7, VW Touareg au Mercedes GL yenye miaka kumi na zaidi inaweza kununuliwa na mtu wa kipato cha kawaida, lakini springi yake ya hewa bado inauzwa kwa bei ya gari la tajiri. Ndiyo maana fedha nyingi za wamiliki wapya huishia kwenye kubadilisha vitu vizima.

Chanzo cha upotevu huo ni dashibodi yenyewe. Ndani ya gari kuna makumi ya kompyuta zinazopashana habari, na moja ikikosa umeme wa kutosha, jirani zake wote hulalamika. Skrini humtaja aliyeumia, mara chache humtaja aliyeumiza. Kwa hiyo hapa tutatafuta kwa mpangilio mmoja: umeme kwanza, kisha hewa na maji, kisha oili, na vyuma mwisho kabisa.

Soma kabla ya kufuta

Siku ya kwanza, kabla ya kuosha injini na kabla fundi hajagusa kitu, pima gari zima kwa skana inayoingia kwenye mifumo yote ya mtengenezaji. Kifaa cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea hitilafu, hufika kwenye injini na masuala ya moshi tu, kwa kuwa hayo ndiyo sheria iliyowalazimisha watengenezaji kuyaweka wazi: Marekani kuanzia magari ya modeli ya 1996, Ulaya kuanzia 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Springi za hewa, breki ya mkono ya umeme, milango na viti viko kwenye kompyuta nyingine ambazo kifaa hicho hakizioni. Chukua ripoti ya kompyuta zote, ihifadhi, na usifute chochote.

Hata hivyo kifaa hicho nafuu kina kazi moja nzuri. Kina ukurasa unaoonyesha majaribio ambayo injini hujifanyia yenyewe ikiwa njiani. Namba za hitilafu zikifutwa, majaribio hayo huanza upya na huonekana hayajakamilika mpaka gari liendeshwe kwa muda. Ukikuta mengi hayajakamilika kwenye gari ambalo muuzaji aliapa kuwa analiendesha kila siku, basi kuna aliyefuta taa kabla ya kukupa funguo, au betri ilichomolewa karibuni. Vyovyote iwavyo, endesha na usubiri. Kilichofichwa kitarudi chenyewe.

Ukiwa hapo hapo, linganisha kilomita za dashibodi na zile zilizohifadhiwa kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu wanaorudisha kilomita nyuma mara nyingi hawafiki kote. Kisha chukua namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari linadaiwa marekebisho ya usalama. Marekebisho ya eabegi mbovu za kampuni ya Takata yalihusu chapa nyingi za kifahari pia, na kubadilishiwa hakulipiwi.

Taa kibao zinawaka kwa mpigo

Unawasha gari, dashibodi inataja ABS, springi, usukani, breki ya mkono na gia. Mifumo mitano haifi asubuhi moja. Kuna kitu kimoja ambacho yote inakitegemea kimelegea, na mshukiwa wa kwanza ni volti.

Chukua mita ya umeme. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, na ile ya AGM, inayofungwa kwenye magari yanayojizima kwenye foleni, hufika 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 iko karibu tupu, hata kama bado inazungusha stata. Mtu apige stata huku wewe unatazama mita: ikizama chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au vichwa vya nyaya vimeshika kutu. Injini ikishawaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.8. Alteneta za kisasa hupanda na kushuka kwa amri ya kompyuta ili kuokoa mafuta, hivyo namba inayochezacheza isikutie hofu. Cha kuogopa ni volti zinazobaki kwenye 12 na kuzidi kushuka kila unapowasha taa na feni.

Kuipata betri yenyewe ni kazi. Touareg na Cayenne huificha chini ya kiti cha mbele, X5 huiweka chini ya sakafu ya buti. Ikague lebo: mara nyingi mmiliki aliyetangulia alifunga ndogo kuliko inayotakiwa, au alifunga ya kawaida mahali pa AGM. Na kwenye BMW na Audi nyingi, kufunga betri mpya hakujaisha mpaka kompyuta ijulishwe kwa skana. Isipojulishwa huendelea kuichaji kwa mazoea ya ile kuukuu, na mpya hufa mapema.

Volti zikiwa sawa, kagua waya za ethi zinapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Halafu fungua kipimo cha moja kwa moja cha skana, endesha taratibu mahali patupu, na tazama kasi ya magurudumu manne. Lile linalosoma sifuri au linalorukaruka ndilo lenye sensa mbovu. Sensa hiyo moja huzima ABS, udhibiti wa kuteleza, msaada wa kushuka mlima na wakati mwingine hata springi, kwa kuwa wote husoma kasi kutoka kwake. Swichi ya taa za breki, kitu kidogo chenye bei ndogo, nayo ina tabia hiyo hiyo.

Betri mpya inaisha likilala siku tatu

Hapa kuna kompyuta isiyolala. Gari la aina hii likifungwa halizimiki papo hapo. Kompyuta zake husinzia moja baada ya nyingine, na huchukua dakika 20 hadi 40 kutulia. Likishatulia, linapaswa kunywa miliampia 50 au pungufu. Likinywa nusu ampia, hilo ni ampia-saa 12 kwa siku, na betri ya ampia-saa 90 itabaki nusu kabla siku ya nne haijaisha.

Ukitaka kupima, fungua boneti na mlango mmoja, kisha sukuma komeo zake kwa bisibisi zijifunge ili gari lidhani vimefungwa. Funguo zipeleke mbali, maana gari lenye kuwashwa kwa kitufe huamka kila likihisi ufunguo uko karibu. Ngoja lisinzie. Sasa usianze kuchomoa fyuzi moja moja kama wafanyavyo wengi, kwa sababu kila ukichomoa na kurudisha unaamsha kompyuta na kuharibu kipimo. Weka mita kwenye milivolti na gusa vitobo viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayosoma zaidi ndiyo njia ya kufuata.

Wahalifu wa kawaida ni redio au king'amuzi cha nyongeza kilichofungwa kienyeji, komeo la mlango au buti lisiloripoti kuwa limefungwa, feni ya AC, na kifaa cha kufuatilia gari ambacho mmiliki wa zamani alikisahau. Ningeanza na hivyo vya nyongeza. Waya uliokatwa na kuungwa kwa gundi ya karatasi chini ya dashibodi hauhitaji skana kuutia hatiani.

Asubuhi limelala upande mmoja

Springi ya hewa ni puto la mpira linaloshikilia uzito wa gari badala ya springi ya chuma. Mpira huzeeka, hupasuka kwenye mikunjo, na hewa hutoka polepole. Asubuhi gari limeinama, unawasha, kompresa, yaani pampu ya hewa, inaliinua, unasahau. Wengi huishi hivyo miezi, na huo ndio uzembe unaogharimu kuliko mwingine wote kwenye magari haya. Kompresa imetengenezwa ifanye kazi kwa vipindi vifupi. Ikilazimika kujaza puto linalovuja kila siku huchemka, huisha ringi zake, na siku moja inakufa. Fundi anasoma skana, anaona kompresa, anabadilisha kompresa. Puto bado linavuja. Baada ya muda unanunua ya pili.

Kabla ya yote, usalama. Gari la springi za hewa linaweza kujishusha lenyewe bila onyo, kwa hiyo usiingie chini yake likiwa halina stendi imara za chuma. Kabla ya kupiga jeki, washa hali ya jeki kwenye menyu ya gari kama ipo, la sivyo kompyuta itajaribu kusawazisha gurudumu lililo hewani.

Kisha lisome gari linavyolala. Egesha mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa matao ya tairi pembe zote nne, andika, zima, na pima tena asubuhi. Pembe moja ikishuka peke yake, mtuhumiwa ni puto la pembe hiyo au kiungo cha bomba lake. Zikishuka mbili za ekseli moja kwa usawa, huenda vali inayogawa hewa inapitisha. Likilala lote, tazama vali kuu na mabomba ya karibu na kompresa.

Povu la sabuni ndilo shahidi wa mwisho. Nyunyiza kwenye mikunjo ya puto na kwenye viungo vya bomba, ukiwa umeliinua gari hadi kimo cha juu, halafu rudia kwenye kimo cha kawaida. Rudia kweli, kwa kuwa ufa ulio ndani ya mkunjo huonekana kimo kimoja na kujificha kwenye kingine. Mapovu yanayokua yamemaliza ubishi.

Gari likiwa limeinama lakini kimo chake hakibadiliki usiku, acha puto. Tazama fimbo ndogo ya sensa ya kimo, iliyofungwa kati ya mkono wa chini na bodi. Kiungo chake hukatika au hushika kutu, na kompyuta hubaki ikiamini gari liko sawa. Sensa ikibadilishwa, vimo lazima vipangwe upya kwa skana.

Ikiwa kompresa haisikiki kabisa, anza na fyuzi na rilei, swichi ya umeme inayoiwasha. Rilei ina hila yake: vidole vyake vya ndani huungua na kugandana, kompresa ikabaki inazunguka bila kusimama hadi iungue. Kwa sababu hiyo anayebadilisha kompresa bila kubadilisha rilei amefanya nusu ya kazi. Chembe za kukausha unyevu kwenye kompresa nazo zikichoka, maji huingia hadi kwenye vali na kuzila kutu.

Kuna wanaoshauri kung'oa mfumo wote na kuweka springi za chuma. Kwa anayelitumia gari kama gari la kawaida ni uamuzi unaoeleweka, lakini kompyuta ya springi itabaki inalia isipozimwa vizuri, na gari halitapanda tena pale ulipolinunua lipande. Mimi ningetengeneza puto. X5 nyingi zina hewa nyuma tu, hivyo hesabu yake ni nyepesi zaidi.

Harufu ya ukungu, vioo kujaa mvuke, umeme wenye vituko

Kioo kinajishusha chenyewe, redio inazima, buti halifunguki, na yote huzidi baada ya mvua. Weka mkono chini ya kapeti, usiishie juu yake. Godoro lililo chini ya kapeti hunyonya maji na kuyatunza kwa wiki kadhaa huku juu pakiwa pakavu, na kompyuta nyingi zimefungwa humo: chini ya viti, pembeni mwa miguu ya abiria, ubavuni mwa buti.

Maji mengi hutoka juu. Sanrufu haikuumbwa izuie maji yote. Ina mfereji unaoyapokea na mirija inayoyashusha kupitia nguzo za mbele na za nyuma hadi chini ya gari. Majani na vumbi huziba mirija, mfereji unafurika, maji yanaingia ndani. Fungua sanrufu, mimina maji kidogo kidogo kwenye pembe za mfereji na uangalie kama yanatoka chini. Yasipotoka, pitisha uzi mnene wa nailoni. Usipulize kwa kompresa ya gereji: mrija huchomoka kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na kuanzia hapo kila mvua inamwagikia kapeti moja kwa moja.

Sehemu ya pili ni chini ya kioo cha mbele, chini ya ile plastiki ya waipa, ambako kuna matundu ya kutolea maji. Kwenye Touareg, Cayenne na Q7 ni lazima yaangaliwe.

Maji yakionekana siku za jua tu, tena AC ikiwa imewashwa, ni mrija wa kutolea maji ya AC. Yakiwa yanateleza, yana harufu tamu, na kioo cha mbele kina utando wa mafuta, hayo ni kulanti, kimiminika cha kupoza injini, kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita, na unapaswa kwenda sehemu inayofuata.

Ukishaziba chanzo, inua kapeti na ukaushe godoro lake. Kukausha juu kwa feni ni kujidanganya.

Kulanti inapungua na hakuna tone chini

Injini za magari haya hufanya kazi kwenye joto kubwa, ndani ya chumba kilichobanwa, zikiwa zimezungukwa na plastiki. Plastiki hiyo ndiyo huanza kusalimu amri: tangi la akiba, shingo ya themostati, mabomba yaliyojificha chini ya manifoldi. Cayenne za V8 za 2003 hadi 2006 zinajulikana kwa mabomba ya plastiki yaliyopita katikati ya injini, ambayo dawa yake ni kuweka ya alumini. Uvujaji wa hapo hukaa juu ya injini na kukauka kwa joto, ndiyo maana sakafu inabaki kavu.

Pima injini ikiwa baridi kwa pampu ya shinikizo inayofungwa mahali pa kifuniko, ujaze hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, na usubiri. Tafuta alama nyeupe au za waridi zilizokauka kwenye viungo. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Kulanti iliyo chini ya shinikizo huruka kwa joto linalobabua ngozi.

Shinikizo likishuka na nje hakuna kitu, wazo la gasketi ya silinda hedi linaanza kuwa na uzito. Lithibitishe kwa kimiminika kinachobadilika rangi kikigusa gesi ya moshi kwenye tangi la akiba. Moshi mweupe usiokoma wenye harufu tamu na oili yenye rangi ya maziwa ni ushahidi wa nyongeza. Lakini utando mdogo wa maziwa chini ya kifuniko cha oili kwenye gari la safari fupi ni unyevu tu, na injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu yake.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: sindano ya joto kwenye magari haya hutulizwa na kompyuta. Hukaa katikati kwenye eneo pana la joto, na ikianza kupanda, injini tayari imeshachemsha. Kama una shaka, tazama joto halisi kwenye skana ukiwa kwenye foleni. Likipanda ukisimama na kushuka ukikimbia, angalia feni na uchafu kati ya rejeta ya AC na ya injini. Likipanda hata kwenye barabara huru, angalia themostati na pampu ya maji, ambayo kwenye BMW nyingi ni ya umeme na hufa ghafla.

Usiongeze kulanti kwa kufuata rangi. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kama haijachanganywa kiwandani.

Oili: inapungua, inanuka, au injini inalia ikiwa baridi

Badilisha oili na filta wiki ya kwanza hata kama stika inasema bado. Kompyuta ya gari huruhusu hadi kilomita 30,000 kwenye baadhi ya mipango ya Ulaya, na ratiba hiyo ilimfaa mmiliki wa kwanza ambaye angelirudisha baada ya miaka mitatu. Wewe hulirudishi popote. Ikate nusu au zaidi.

Kisha pima kiwango mara kwa mara na uone linakunywa kiasi gani. Injini nyingi za BMW hazina kijiti, hivyo kipimo huchukuliwa kwenye skrini injini ikiwa imepata moto. Moshi wa bluu unaofumuka ukiondoka baada ya kusimama muda mrefu kwenye taa huelekeza kwenye sili za vali, ugonjwa uliozipa jina injini za V8 za BMW aina ya N63. Kabla ya kukubali kazi hiyo kubwa, hakiki vali ya kupumulia injini: diaframu yake ikipasuka hufyonza oili, husababisha mluzi, na injini hutikisika usipokanyaga mafuta. Jaribu kufungua kifuniko cha oili injini ikiwaka. Kikivutwa kwa nguvu ya ajabu, umeshaipata.

Harufu ya kuungua bila moshi nyuma ni oili inayodondokea ekzosi, kwa kawaida kutoka gasketi ya kava ya vali au ya nyumba ya filta.

Mlio wa mnyororo wa kupanga vali kwa sekunde chache asubuhi ndio wa kuheshimiwa. Injini za 5.0 V8 za Land Rover za miaka ya mwanzo huchoka vikaza mnyororo. M272 za Mercedes za mwanzo zina gia laini ya shafti ya kusawazisha inayolika. Mnyororo ukiruka meno, vali hukutana na pistoni na injini imenoki. Pima namba za hitilafu za mpangilio wa kamshafti, angalia chembe za chuma kwenye filta kuukuu, na usilipige resi likiwa baridi ili kusikiliza vizuri. Hili halingoji mwisho wa mwezi.

Linatikisika, au gia zinapiga

Tenganisha mitikisiko kwa wakati inapotokea. Ukishika breki tu, ni diski. Kwenye mwendo wa 90 hadi 110 hata ukiachia mafuta, balansi ya tairi au rimu iliyopinda. Ukikanyaga mafuta tu, viungo vya ndani vya shafti au beringi ya katikati ya propela, ambayo kwenye Cayenne na Touareg hulika mpira wake na kugonga chini ya sakafu. Taa ya injini ikimweka, injini ina misi, yaani kuna silinda haichomi mafuta vizuri: punguza mwendo, kagua plagi na koili.

Mtikisiko mfupi kwenye 60 hadi 80 ukiwa umekanyaga kidogo, kama umepita juu ya matuta madogo, huwa ni klachi ya ndani ya tokikonveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Ukiwa unaendelea kukanyaga mafuta kidogo, gusa breki kwa mguu wa kushoto, kwa wepesi sana. Mtikisiko ukikatika papo hapo, ndiyo.

Hapo ndipo lile neno kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi, linapokuja kudai. ZF, iliyotengeneza giaboksi za magari mengi ya kundi hili, inapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka 8. Giaboksi zake nyingi zina sampu ya plastiki yenye filta ndani, kwa hiyo hubadilishwa kipande kizima, na kiwango hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa na joto maalumu, kwa kawaida nyuzi 30 hadi 50. Fundi anayejaza kwa macho likiwa limezimwa amekuachia giaboksi isiyo na oili ya kutosha. Napendelea kumwaga na kujaza kuliko kuflashi kwa mashine giaboksi yenye historia isiyojulikana.

Gari likivutana na kugugumia ukikata kona kali polepole, usifungue difu. Soma tairi kwanza. Magari yanayoendeshwa na magurudumu yote yanataka tairi nne zinazofanana chapa, saizi na kina cha kashata, tofauti isizidi milimita 2 au 3. Zikitofautiana, transfa inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma husuguana bila kupumzika na kujila. Umri usome ubavuni: tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, 2319 ikiwa wiki ya 23 ya 2019. Tairi zikiwa sawa, badilisha oili ya transfa kabla ya kitu kingine chochote.

Dizeli: oili inapanda badala ya kushuka

Filta ya masizi hujisafisha kwa kuchoma, na kazi hiyo inahitaji mwendo wa kutosha. Feni zikiwa zinavuma baada ya kuegesha na injini ikiwa imepandisha mzunguko kidogo, umelizima katikati ya kusafisha. Ukirudia hivyo kila siku, dizeli ya ziada huteremka kwenye oili. Kiwango kinapanda na oili inakuwa nyepesi. Badilisha oili na ulipatie gari safari ndefu ya kasi isiyokatika. Filta ikiziba tena upesi, tafuta injekta au vali ya EGR, ile inayorudisha moshi kwenye injini, kwani ndizo zinazoizibisha.

Lipi lisimamishe gari, lipi lingoje

Taa nyekundu ya oili: zima injini hapo hapo, hata kama uko pabaya pa kuegesha, ukiwa umelitoa njiani tu. Joto kwenye nyekundu: egesha, zima, usimwage maji baridi kwenye injini. Breki kuwa laini au kuzama: gari halitembei, linabebwa. Ujumbe wa springi za hewa wakati wa safari unaruhusu kwenda polepole mpaka gereji iwapo gari halijakalia tairi.

Pedi za nyuma kwenye gari lenye breki ya mkono ya umeme hazibadilishwi kwa kusukuma pistoni kwa nguvu. Skana huirudisha mota nyuma kwanza, vinginevyo unavunja gia zake. Oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili kwa sababu hunyonya unyevu.

Kubofyabofya nyuma ya dashibodi ukibadilisha joto la AC ni kimota cha mlango wa hewa chenye gia iliyovunjika. Hakidhuru kitu. Kiti kisichopasha moto, kioo cha pembeni kisichojikunja na kamera yenye ukungu viandike kwenye orodha, uvipe zamu yao baada ya puto, oili na mabomba.